Mama Veterineri Aliyehesabu Siku za Funza

Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza kuandika. Mwanamke aliyetufundisha sisi wafugaji wa Naviundu kuwaona funza kwenye mwili wa kondoo kabla hawajammaliza, sasa amelala ndani ya hospitali hii, na daktari hajaamua kama mguu wake wa kushoto utabaki au utakatwa. Mimi nimekaa uani, kwenye benchi, na daftari la gereji magotini. Karibu yangu kuna watu wawili wa mtaani kwetu wanaonong'ona kwamba mama huyu amelogwa na wenye wivu. Wivu wa nini? Wa mkasi wake? Mguu ule haukulogwa na mtu. Ulifunikwa kitambaa, na kitambaa hicho nimekiona kwa macho yangu, nimekikata kwa mkono wangu.

Kwa jina hatukumwita kamwe. Alikuwa Mama Veterineri, basi, hata kwa watu wasiofuga kuku mmoja. Udaktari hakuwa nao. Alikuwa muuguzi wa mifugo kwenye shamba kubwa upande wa Mokambo, na shamba lilipokufa akarudi mjini na mkoba wa ngozi, kibano cha chuma, na mkasi mrefu wa kukatia manyoya. Mkasi aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Rozari pia alikuwa nayo, ila hiyo aliiweka mfukoni, kwa kuwa alisema rozari haihitajiki haraka.

Akiingia kwako hakusalimia. Hilo liliwaudhi wengi. Kwetu mtu anapiga hodi, anaulizwa habari za nyumbani, anavutiwa kiti, anakunywa maji, ndipo shida inatajwa. Yeye alikupita kama mti, akaenda hadi karibu na zizi, akasimama mbali kidogo na kondoo, mikono mgongoni, akatazama tu. Ungemwongelesha wala asikujibu. Mara nyingine alitazama mpaka mwenye nyumba akaona haya na kuanza kufagia.

"Kondoo hajue kusema," aliniambia siku ya kwanza. "Angalia miguu. Anakanyaga-kanyaga chini, na chini hakuna kintu. Angalia mukia. Anautikisa, na inzi haiko. Ile inzi ilishaenda zamani. Iliacha mayai."

Kisha akanionyesha mengine. Kondoo mwenye funza hujitenga na wenzake, hugeuzia ukuta uso, hulala na kuinuka bila sababu, hugeuza shingo kujing'ata ubavuni au karibu na mkia. Manyoya mahali pale yanakuwa meusi na yenye unyevu, kama amemwagiwa chai. Harufu yake si ya mzoga. Ni tamutamu, inakaa puani, na ukishaijua huwezi kuisahau. Inzi wa kijani hupenda jeraha, pembe iliyovunjika, kitovu cha mwanakondoo, au nyuma palipochafuka kwa kuhara. Hutaga kwa dakika chache, na kesho yake mayai yameshakuwa funza.

Alipomaliza kutazama ndipo alipokugeukia. Na hapo tena hakuuliza habari za watoto. Aliuliza neno moja, lile lile, kwa watu wote, tajiri kwa maskini:

"Tangu siku gani?"

Na watu wote walidanganya. Sijapata kusikia mtu aliyemjibu ukweli mara ya kwanza. Kuna jirani yetu mmoja, mwalimu aliyestaafu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyemjibu kwa Kifaransa kizuri kwamba mnyama alianza kuugua jana jioni. Mama Veterineri akachukua kibano, akatoa funza mmoja kwenye paja la kondoo, akamlaza juu ya ukucha wa kidole gumba chake. Funza aliujaza ukucha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Huyu njo alizaliwa jana?" akamwuliza. "Na mwili hii yote? Basi, mwalimu, anakula vizuri kupita batoto bako."

Uani watu walicheka mpaka mwalimu akaingia ndani. Lakini Mama Veterineri hakucheka. Ukucha ule ulikuwa kipimo chake: aliye mwembamba kama uzi ni wa jana, aliyefikia nusu ya ukucha ni wa siku mbili tatu, aliyeujaza ni wa siku tano, na baada ya hapo wanaanguka wenyewe, wanajizika ardhini na kurudi wakiwa na mabawa. Mwalimu alipotoka tena, Mama Veterineri alimwambia kwa sauti ya chini, karibu ya upole: "Sikuulizie juu ya kukuhukumu. Niko naulizia juu ya kujua banafika wapi mu nyama."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko sala. Leo yananichoma.

Mimi mwenyewe aliniita Mafuta, na jina hilo nililistahili. Nina gereji ndogo karibu na mto, na kondoo sita niliorithi kwa baba yangu. Sisi mafundi tuna imani moja ya kijinga: kwamba hakuna kitu kisichoponywa na oili chafu. Mlango ukilia, oili. Mbwa akiwa na upele, oili. Mchwa wakipanda nguzo, oili. Basi kondoo wangu jike, mkubwa kuliko wote, alipopata funza chini ya mkia baada ya kuhara, nilichukua kopo la oili iliyotoka kwenye injini ya lori na kummiminia. Funza wa juu walikufa. Nikafurahi, nikawaita mafundi wenzangu waje waone.

Alipofika, jike yule alikuwa hasimami. Mama Veterineri alipiga magoti kwenye matope, akakata manyoya, si pale palipolowa tu, bali kiganja kizima zaidi kila upande, mpaka ngozi safi ikaonekana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. "Hapana kukata pale unaona," alisema. "Kata mbali. Ile unaona ni ile inakuachilia uone." Na kweli, chini ya manyoya yaliyoonekana mazima kulikuwa na vijitundu, na ndani ya vijitundu funza walikuwa wamekimbilia chini, wakiikimbia oili yangu. Nyama ilikuwa imeungua.

Aliwatoa mmoja mmoja kwa kibano, saa mbili nzima, na mimi nikishika kopo. Hakuruhusu hata mmoja aanguke chini. Nilipochemsha maji nikawamwagia, alisimama akihakikisha. Akaosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapaka dawa ya kufukuza inzi pembeni, akamdunga sindano, akakiacha kidonda wazi kipate hewa, na kuniamuru nimfunge kivulini na nimtazame asubuhi na jioni, kwa kuwa mayai aliyoyakosa leo kesho yangekuwa na meno. Siku ya tatu jike alikufa.

"Hakuuawa na funza," aliniambia mbele ya mafundi wangu wote. "Ni weye, Mafuta."

Nilimchukia. Nasema wazi. Mwaka mzima nilipita upande wa pili wa barabara nikimwona. Kisha mwanakondoo akaanza kukanyaga-kanyaga chini ambako hapakuwa na kitu, nikaona mwenyewe, siku ile ile, na nikaenda kumwita nikikimbia. Aliuliza tangu siku gani. Nikasema tangu asubuhi hii. Akachukua funza, hakuweza hata kumshika vizuri kwa kibano kwa udogo wake.

"Ni kweli," akasema. Hiyo tu. Nilitembea siku nzima nikiwa mrefu.

Ubaya wake ulikuwa mwingi, na sitauficha. Alikuwa na ulimi wa kukatia bati. Alimwambia mjane mmoja aliyefiwa na kondoo wawili kwamba kondoo wamepata bahati kuondoka. Alitia mikono kwenye vidonda bila kukunja uso, lakini chura alimkimbiza. Na nyama ya kondoo aliipenda kupita kiasi. Unamwona leo anambembeleza dume kwa Kiluba, anampulizia masikioni, na wiki ijayo yuko harusini anatafuna ubavu wa dume huyo huyo hadi mfupa unang'aa. Nilimwuliza kama haoni huruma. Akaniuliza kama mimi siendeshi magari ninayotengeneza.

Na jambo moja ambalo tulilitania bila kulifikiri: mwanamke huyu, aliyedunga sindano maelfu ya wanyama, aliogopa sindano kama mtoto. Wauguzi wa chanjo wakipita mtaani, Mama Veterineri alikuwa na safari. Tulicheka. Ingetupasa kulia.

Parokiani wengine hawajamsamehe mpaka leo. Kwetu siku ya sikukuu kubwa, wakati wa matoleo, watu huingia kanisani wakicheza, na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku, na mbele ya wote mnyama. Mwaka ule akina mama wa chama kimoja walimwandaa dume mweupe. Walimwogesha kwa sabuni ya unga kila siku, na wakamfunga shingoni utepe mwekundu wa kitambaa, kwa nguvu, wiki tatu kabla, ili auzoee asiutafune siku yenyewe. Utepe ulikata ngozi. Wakaona unyevu, wakaona aibu, wakaongeza utepe wa pili juu ya wa kwanza, mpana zaidi, wenye shanga.

Dume akaingia kanisani, ngoma zinalia. Mama Veterineri alikuwa benchi la tatu. Nilimwona akiinua pua. Akatoka kwenye benchi, akaingia katikati ya wachezaji, akapiga magoti mbele ya kondoo ambapo wengine hupiga mbele ya altare, akakata tepe zote mbili kwa mkasi wake. Funza walianguka kwenye sakafu iliyopigwa rangi upya. Ngoma zilinyamaza moja moja.

"Munamupa Mungu kitambaa," alisema, na kanisa zima lilisikia. "Nyama munabapa inzi."

Dume alipona. Akina mama wale walimwita Mama Veterineri mchawi. Akahama misa ya saa moja akawa anasali ya saa kumi na mbili asubuhi, peke yake nyuma, na mkasi wake. Ninalieleza hili si kwa kuchekesha. Ninalieleza kwa sababu mwanamke aliyekata kitambaa kile mbele ya watu wote ndiye huyu huyu aliyefungwa kitambaa kingine na kunyamaza.

Uzee ulipomzidi, binti yake alimhamishia kwake Katuba. Mtaa ukabaki na kondoo wake na mafundi wake wa oili. Tulisema tutakwenda kumwona. Tulisema kila Jumapili.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Katuba kutafuta kabureta ya basi dogo. Nilipoipata nikakumbuka kwamba nyumba ya binti yake haiko mbali. Binti ni mwanamke wa makamo, mchuuzi wa samaki wakavu, mtu mpole. Alinifungulia kidogo tu, akaziba mlango kwa mwili wake, akaniita yaya, yaani kaka.

"Karibu, yaya. Mama anapumuzika. Tuko mu maombi."

Juu ya bega lake nilimwona. Chumba kilikuwa na akina mama wanne wa kikundi cha sala, wamekaa kwenye mkeka wakiimba taratibu. Yeye alikuwa kwenye kiti kwenye pembe, mbali nao, amegeuzia ukuta uso. Kikwembe, kitenge chake, kilimfunika mpaka chini. Na chini ya kikwembe mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga-kanyaga sakafu, polepole, bila kukoma.

Nilijua. Nilimsukuma binti wa watu, nikaingia na viatu vyangu vya gereji katikati ya wimbo, na sikumsalimia mtu. Harufu ilikuwa pale, tamutamu. Nilipoinua kikwembe niliona kitambaa cheupe kimezungushwa kuanzia vidoleni hadi karibu na goti, kimelowa mafuta ya maombi mpaka yanadondoka. Juu ya fundo alikaa inzi wa kijani, ametulia kama mwenye nyumba.

"Tangu siku gani?" nilimwuliza binti.

"Jana tu, yaya. Jana mangaribi njo alianza kusikia uchungu."

Mmoja wa wale akina mama alinyanyua mkono kunizuia. Alisema kitambaa kinafunguliwa siku ya saba ya mfungo, si kabla. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Nikatafuta kisu, wembe, chochote. Ndipo Mama Veterineri, ambaye hakuwa amegeuka hata mara moja, alivua kamba shingoni na kunyoosha mkasi nyuma yake. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona mkasi ule mkononi mwa mtu mwingine.

"Kata mbali," alisema kwa ukuta.

Nilikata kuanzia juu, karibu na goti. Sitaeleza nilichokiona, yeye ni mtu, si kondoo. Nasema hili tu: chini ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda cha ugonjwa wa sukari, na ndani yake wao. Nilimlaza mmoja juu ya ukucha wangu. Aliujaza wote.

"Jana?" nilipiga kelele. "Huyu ni wa jana?"

Binti alianguka magotini akilia, na kwa kulia yakatoka yote. Mama mwenyewe alikificha kidonda mwezi mmoja na nusu chini ya kikwembe kwa kuogopa sindano. Binti alipogundua, alitaka kumleta hospitali, mama akakataa, akina mama wa sala wakaja na mafuta yao, na yeye akachoka kubishana. Basi hasira yangu haikujua pa kwenda. Nilimgeukia Mama Veterineri. Nilimwambia: wewe! Wewe uliyetutukana sote! Wewe ukucha, wewe mkasi, wewe uliyesimamisha misa!

Alinigeukia polepole. Uso ulikuwa umebaki macho tu.

"Na weye, Mafuta," akasema. "Tangu siku gani haukuya kuniona?"

"Miezi mbili, mama," nikajibu. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe.

Alinitazama kama alivyomtazama yule mwalimu.

"Ulileta makala ya kuwasha moto," akasema. "Ilikuwa wakati ya baridi. Mvua yote inapita tangu pale."

Ilikuwa miezi tisa. Katuba si Ulaya, basi linafika. Nilimbeba hadi barabarani mgongoni, na hakuwa na uzito.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kuandika, daktari alipotoka. Ni kijana, amechoka, anasema vizuri na watu. Alimwita binti, nami nikasogea. Alisema kuna njia mbili: kukata vidole viwili, kusafisha na kungoja, au kukata chini ya goti leo hii. Inategemea maambukizi yana muda gani. Siku ya kumpokea binti alimwambia siku tatu, lakini anachokiona hakifanani na siku tatu.

"Kidonda hiki kina muda gani kweli?" aliuliza.

Binti alitazama chini. "Siku tatu, docta," alisema. Tena!

"Mwezi mmoja na nusu," nikasema mimi. "Na funza, tulipomleta, walikuwa wa siku tano. Na mimi nilikuwa sijamwona kwa miezi tisa."

La mwisho hakuniuliza. Aliandika ya kwanza mawili, akasema basi ni leo, chini ya goti, akingoja atampoteza mtu mwenyewe.

Walituruhusu kuingia kidogo. Alikuwa amelala, sindano ya maji imo mkononi mwake na yeye ameigeuzia uso upande mwingine. Nilimweleza. Hakulia. Aliuliza nani alisema siku.

"Ni mimi, mama."

"Ulisema zote?"

"Zote. Na zangu."

Akamwita daktari kwa kidole, akataka aonyeshwe mahali. Daktari alipitisha kidole kwenye mguu, kiganja kimoja juu ya palipoharibika. Alipatazama kwa jicho lile la zizini. Kisha akamsogeza daktari mkono, yeye mwenyewe, karibu zaidi na goti.

"Kata mbali, docta," alisema.

Wauguzi walisema chuma hakiingii kwenye chumba cha upasuaji. Akavua mkasi, ambao nilimrudishia shingoni kabla ya kumbeba, akanipa, na kuniambia kwamba jike wangu mwenye mapacha amezaa wakati mubaya, wakati wa inzi, niangalie bitovu ya batoto bake asubuhi na mangaribi. Sijui nani alimwambia jike wangu amezaa. Wamemwingiza. Nimekaa kwenye benchi lile lile, wale wawili bado wananong'ona uchawi, na nimewaambia wanyamaze au waondoke.